Dk. Leader Stirling: mpasuaji aliyeishia kupanga zahanati

Kwanza tuondoe utata wa jina: Leader lilikuwa jina lake, si cheo. Ukipitia orodha ya mawaziri wa afya wa Tanzania utamkuta hapo, akiwa amempokea Ali Hassan Mwinyi mwaka 1975 na kukaa mpaka 1980. Dk. Leader Stirling alikuwa Mwingereza aliyezaliwa 1906. Alifika Tanganyika mwaka 1935 kama daktari wa misheni, akaingia kwenye siasa kabla ya uhuru, akachukua uraia wa nchi hii na kuifanya kwao.

Wanaokutana na historia yake kwa mara ya kwanza hukwama penye mambo matatu. Mzungu wa misheni aliingiaje kwenye Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, chama ambacho wakati huo hakikupokea wanachama wasio Waafrika? Mpasuaji aliyezoea kisu alifuata nini wizarani? Na imekuwaje mtu aliyetoka hospitali za misheni akasimamia wizara katika kipindi ambacho sheria ilipiga marufuku tiba ya kutafuta faida? Majibu yote matatu yanaanzia kusini, mahali ambapo mgonjwa na chumba cha upasuaji vilitenganishwa na mwendo wa siku nzima kwa miguu.

Lulindi, na hesabu ya machela

Lulindi iko Masasi, upande wa kuelekea Mto Ruvuma. Ilikuwa chini ya UMCA, misheni ya Kianglikana, na hospitali aliyoianzia kazi Stirling ilikuwa ya majengo ya miti, udongo na nyasi. Mwaka 1949 alihamia Mnero, Nachingwea, kwa Wabenediktini wa Ndanda, na miaka ya 1960 akaenda Kibosho, Kilimanjaro. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake ya udaktari ilifanyika katika Jimbo la Kusini la enzi zile, ambalo leo ni mikoa ya Lindi na Mtwara.

Tuangalie kwa karibu upasuaji wa hospitali za aina hiyo, maana ndio ufunguo wa mengine yote. Vifaa viliivishwa, yaani kuuliwa vijidudu, kwa mvuke kwenye chombo mfano wa sufuria ya presha juu ya jiko la pampu la mafuta ya taa. Kinachotakiwa ni nyuzi 121 kwa muda usiopungua dakika 15, chini ya shinikizo la ratili 15 kwa inchi ya mraba. Kosa la kawaida lilikuwa kufunga tundu la mvuke kabla hewa haijatoka yote. Mshale wa shinikizo unafika panapotakiwa, mhudumu anaridhika, kumbe hewa iliyobaki imezuia joto kupanda. Matokeo yake huonekana siku ya tano, kidonda kikianza kutoa usaha.

Dawa ya usingizi ilikuwa etha, ikidondoshwa tone kwa tone juu ya kifuniko cha waya kilichovikwa shashi usoni mwa mgonjwa. Etha inasamehe makosa kuliko dawa nyingi za wakati ule, kwa kuwa mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Lakini inawaka moto kama petroli, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo huteleza chini na kutambaa sakafuni. Ndiyo maana taa ilitakiwa kuning'inia juu na jiko la kuivishia vifaa likae chumba kingine kabisa. Kuliweka kona ya chumbani hakukutosha.

Chukua sasa mgonjwa wa ngiri. Ngiri ya kawaida mtu anaweza kuishi nayo miaka. Siku utumbo ukibanwa kwenye tundu na damu ikashindwa kupita, saa zinaanza kuhesabika: baada ya saa sita hivi, kipande kilichobanwa kinaweza kuanza kufa. Akifika mapema, kazi ni ya chini ya saa moja, utumbo unarudishwa na tundu linashonwa. Akifika umeshaoza, inabidi kukata kipande na kuunganisha pande mbili. Hapo inahitajika dripu, damu, na muuguzi anayejua kukesha na mgonjwa siku tatu.

Kama kijiji kiko kilomita 40 kutoka hospitali, na wabeba machela wanakwenda kilomita nne kwa saa bila kupumzika, safari ni saa kumi. Hapo hujaongeza muda wa kushauriana, kutafuta wanaume wanne wa kubeba na wanne wa kupokezana, kungoja kukuche. Kwa hesabu hii mpasuaji hodari kuliko wote bado anampokea mgonjwa aliyechelewa. Mama mwenye uchungu uliopita siku mbili yuko kwenye hesabu hiyohiyo, na kwake hukumu ni kali zaidi, kwa sababu mfuko wa uzazi ukipasuka hasubiriwi hata saa moja.

Halafu kuna magonjwa ambayo kisu hakiyahusu: buba, ukoma, minyoo ya safura, kichocho, malaria, vidonda ndugu. Matende na mabusha yalijaa ukanda wa pwani ya kusini, na busha ndilo pekee kati ya hayo linalomaliziwa kwa kisu. Buba inafaa kutajwa peke yake. Kabla ya penisilini, ilitibiwa kwa mfululizo wa sindano za bismathi au dawa zenye aseniki, wiki baada ya wiki. Vidonda vilifunga baada ya sindano chache, mgonjwa akaona amepona, akaacha. Ugonjwa ukabaki mwilini na kurudi, mara nyingine kwenye mifupa. Penisilini ya kukaa mwilini muda mrefu ilipofika miaka ya 1950, sindano moja ikamaliza kazi. Ni ushindi mkubwa, ila ulikuwa na deni: watu walijengeka imani kwamba dawa ya kweli ni ya sindano, na zahanati zikapambana na imani hiyo miaka mingi baadaye, mtu akidai achomwe kwa mafua.

Stirling aliliona pengo la watu mapema, akafundisha wauguzi Waafrika palepale hospitalini. Mpasuaji mmoja anafanya kazi kwa kadiri ya wauguzi alionao. Daktari akiwa mezani, lazima awepo wa kudondosha etha, wa kupokeza vifaa, wa kushika taa, na wa kubaki wodini. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo waliohitimu walikuwa 12 tu, idadi ambayo Mwalimu Nyerere aliirudia mara nyingi. Ukingoja madaktari, utangoja kizazi kizima.

Kura tatu

Sasa siasa. Uchaguzi wa 1958–59 wa Baraza la Kutunga Sheria ulikuwa na utaratibu ambao leo ni vigumu kuuamini. Nchi iligawanywa majimbo kumi ya uchaguzi. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja kwa kila rangi, la sivyo kura yake iliharibika. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga: ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotajwa na sheria.

Lengo la serikali ya kikoloni lilikuwa kuzigawa sauti sawa kati ya jamii zisizolingana kwa idadi hata kidogo. TANU ilikuwa na njia mbili: kususia, au kuingia na kuugeuza mfumo dhidi ya walioutunga. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ndio uliochagua kuingia, uamuzi unaoitwa hadi leo Uamuzi wa Busara. Haukupita kirahisi. Zuberi Mtemvu aliondoka na kuunda chama chake, African National Congress.

Werevu wa uamuzi ule uko hapa: wapiga kura wengi walikuwa Waafrika, na walilazimishwa kumchagua Mzungu na Mwasia. Basi TANU ikatafuta Wazungu na Waasia wanaokubaliana nayo, ikawaambia wafuasi wawapigie hao. Walioungwa mkono hivyo ni pamoja na Derek Bryceson, Lady Chesham wa Iringa, Sophia Mustafa, na Dk. Stirling kwa upande wa kusini. Mzungu anayetaka kiti alikuwa anamtegemea mpiga kura Mwafrika. Daktari aliyekaa vijijini miaka zaidi ya 20, anayefahamika hadi kwenye vitongoji vya mbali, hakuhitaji kujitambulisha.

Kwa hiyo swali la kwanza limejibika: hakuingia kama mwanachama wa TANU. Kiti kile kilitengwa kwa rangi yake, na TANU ikakitumia. Utaratibu wa rangi ulizikwa haraka. Mwaka 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, Nyerere alitishia kwamba serikali yake itajiuzulu kama wabunge watataka uraia ufuate rangi. Mapema 1963 TANU yenyewe ikafungua milango kwa raia wote. Stirling aliendelea bungeni mpaka 1980. Pamoja na hayo alikuwa Skauti Mkuu wa nchi, jambo ambalo wazee wengi waliokuwa skauti utotoni hulikumbuka kuliko uwaziri wake.

Alichokikuta wizarani

Stirling hakubuni sera ya afya vijijini. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kutoa mwelekeo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 TANU iliamua kwamba fedha za afya ziende kwanza vijijini badala ya hospitali kubwa za mijini. Wakati wa Mwinyi, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadili maji, vyoo na mbu. Ubunifu haukuwa kazi ya waziri mpya. Kazi yake ilikuwa kuendesha mambo, na wakati huohuo vijiji vilikuwa vinahamishwa: kufikia 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamepelekwa vijiji vya ujamaa, na kila kijiji kipya kilidai zahanati.

Mfumo wenyewe ulipangwa ngazi kwa ngazi. Chini kabisa ilikuwa zahanati, kwa watu wapatao 10,000 au pungufu, ikiwa na mganga wa vijijini, mhudumu wa afya ya mama na mtoto, na msaidizi. Juu yake kituo cha afya chenye vitanda vichache, kwa watu karibu 50,000, kikiongozwa na tabibu. Juu yake hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha za rufaa. Mgonjwa alitarajiwa kupanda ngazi hizo, na dawa kuzishuka.

Kilichofanya ngazi hizo zisimame bila madaktari wa kutosha ni kugawa mafunzo. Mganga wa vijijini alichukuliwa kutoka darasa la saba akasomeshwa miaka mitatu. Tabibu alianzia kidato cha nne. Na tabibu mwenye uzoefu aliweza kurudi chuoni akawa daktari msaidizi, kada ambayo Tanzania ilianza kuifundisha mwaka 1963. Hao madaktari wasaidizi ndio waliobeba upasuaji wa wilayani kwa miongo kadhaa: ngiri, busha, na kumtoa mtoto kwa operesheni. Wengi waliosomea udaktari kamili waliwabeza, bila haki. Mama wa Nachingwea anayehitaji operesheni saa nane za usiku hamuulizi mtu cheti. Anataka asiwe mbali.

Matokeo yalionekana kwenye majengo. Wakati wa uhuru vituo vya afya vilikuwa 22 nchi nzima. Mwaka 1980 vilikuwa vimezidi 230, na zahanati zimepita 2,500. Asilimia 72 ya wananchi walikuwa wakiishi ndani ya kilomita tano kutoka mahali pa kupata huduma, na asilimia 93 ndani ya kilomita kumi. Rudi kwenye hesabu ya machela: saa kumi zimekuwa saa mbili na nusu, ingawa mwisho wa saa hizo mara nyingi ni zahanati isiyopasua. Mpasuaji hakuweza kuleta badiliko hilo kwa kisu hata angeishi mara tatu, na hili ndilo jibu la swali la pili.

Udhaifu wa mpango ulikuwa kwenye gharama za kila siku. Jengo hujengwa mara moja, tena kwa nguvu za wanakijiji, lakini dawa hununuliwa kila mwezi na mshahara hulipwa kila mwezi. Dawa zilishuka kutoka bohari kuu Dar es Salaam kwenda mkoani, wilayani, kituoni, zahanati. Kila ngazi ilichukua fungu lake kwanza, na kadiri fungu lilivyopungua ndivyo wa mwisho alivyokuta boksi tupu. Vita vya Kagera vya 1978–79 na kupanda kwa bei ya mafuta vilimaliza fedha za kigeni, na klorokwini, dawa ya malaria, ikaanza kukosekana. Suluhisho la tatizo hilo, lililokuja baada ya Stirling kuondoka, lilikuwa boksi la dawa lililofungwa: kuanzia 1983–84, kwa msaada wa Denmark, kila zahanati ilipelekewa boksi lake la mwezi ambalo halikufunguliwa njiani. Likasaidia sana, kisha likaleta kasoro yake. Boksi lilikuwa la aina moja kwa nchi nzima, hivyo sehemu isiyo na malaria nyingi ililundika vidonge hadi vikaharibika, na sehemu ya pwani vikaisha wiki ya pili.

Chanjo nazo zilikuwa na mtego wao. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 kutoka kiwandani mpaka kwenye mkono wa mtoto, na pale pasipo umeme jokofu lilikuwa la mafuta ya taa. Jokofu hilo halina mota. Linapoza kwa joto la utambi linalozungusha kimiminika ndani ya mabomba, hivyo lazima lisimame wima sawasawa, la sivyo mzunguko unakwama. Moto uwe wa buluu. Ukiona wa njano wenye moshi, utambi umekatwa vibaya au mafuta yana maji, masizi yanaziba bomba na baridi inapotea. Wengi walijua kwamba joto huharibu chanjo ya surua na ya polio. Wachache walijua kwamba chanjo ya pepopunda na kifaduro inaharibika kwa kuganda, kwa hiyo mhudumu mwenye bidii aliyeisukumiza karibu na barafu aliua alichotaka kukiokoa.

Kipindupindu cha 1977–78 ndicho kilitoa somo chungu kuliko yote. Mlipuko ulipoanza Oktoba 1977, vimelea vyote vilivyopimwa vilishindwa na tetrasaiklini. Dawa hiyo ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wasio wagonjwa pia, ili kuwakinga. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu. Ilikuwa kati ya mara za kwanza duniani kuonekana usugu wa kasi namna ile kwa kipindupindu. Kosa linaeleweka: waziri, mkuu wa mkoa na mwananchi wote wanataka kuona kitu kimefanyika, na kidonge kinaonekana. Kinachookoa mgonjwa wa kipindupindu ni maji na chumvi kurudishwa mwilini haraka kama yanavyotoka, na kinachozuia mlipuko ni maji safi na choo. Havina mvuto wa kidonge.

Mwaka huohuo wa 1977 mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianzishwa, chini ya ushauri wa Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu. Hapa walifanya kinyume cha tetrasaiklini: dawa hazigawiwi hovyo, kila mgonjwa ana kadi, makohozi yanapimwa kwa darubini, anayeacha anafuatwa nyumbani, na kila robo mwaka wilaya inatoa hesabu ya waliopona na waliopotea. Utaratibu uliokomazwa Tanzania ulikuja kuwa msingi wa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza kwa nchi nyingi miaka ya 1990.

Sheria ya 1977 na hospitali za misheni

Swali la tatu linapotoshwa mara nyingi. Sheria ya Hospitali Binafsi ya 1977 ilizuia mtu binafsi kuendesha tiba kwa faida. Haikutaifisha hospitali za dini. Mashirika yaliyoidhinishwa, misheni zikiwa mbele, yaliruhusiwa kuendelea, tofauti na shule za misheni ambazo Sheria ya Elimu ya 1969 ilikuwa imezichukua. Serikali isingeweza kuzigusa hospitali hizo bila kujiumiza: wilaya kadhaa hazikuwa na hospitali nyingine. Badala yake ukaja mpango wa hospitali teule. Hospitali ya misheni inakuwa hospitali ya wilaya, serikali inalipa mishahara na ruzuku, kanisa linabaki na majengo na uongozi. Kwa mtu aliyepitia Lulindi, Mnero na Kibosho hapakuwa na mgongano. Alifanya kazi miaka mingi mahali ambapo faida haikuwepo kwenye vitabu.

Upande wa mijini sheria ile iliumiza zaidi kuliko ilivyosaidia. Wenye fedha hawakukosa daktari. Walimwona jioni kwa mlango wa nyuma, bila risiti wala ukaguzi. Wengine waliokuwa na zahanati zao wakaondoka nchini, na foleni za hospitali za serikali zikarefuka. Mwaka 1991 sheria ilibadilishwa na tiba ya binafsi ikarudi, na 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama kwenye hospitali za serikali.

Stirling aliyaona yote hayo akiwa amestaafu nchini hapahapa. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2003 akiwa na miaka 97. Mwaka huohuo lilifunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji. Mpaka hapo, gari la dawa lililotoka Dar kwenda Lindi na Mtwara lilipanga foleni ya kivuko pamoja na malori ya saruji na korosho, na mto ukifurika masika, lilisubiri.